Mwanga Uliosimama Juu ya Kila Utosi

Msikilizaji wangu, kama umevaa kofia, ivue uiweke magotini, maana katika nchi ninayokupeleka leo watu hufungwa kwa kofia, nami sitaki kesi. Njia ya kufika huko sitaieleza. Mize binti Makame, aliyekwenda mwenyewe, ameieleza mara nyingi, na kila mara ni njia nyingine, kwa hiyo tuiache. Linalotuhusu ni kwamba alifika, alifika amekasirika, na alikuwa amemfuata mumewe.

Mize alikuwa mshona kofia, na si kofia za kubahatisha. Mtu akivaa kofia ya Mize msikitini, walio safu ya nyuma hupotewa na hesabu ya rakaa. Mumewe, Vuai, alikuwa mpole wa maneno machache, mtu ambaye akiingia barazani watu huendelea na mazungumzo yao na hakuna anayesogea kumpa nafasi. Mize alimpenda, ila alimpenda kwa sauti ya juu: Vuai fanya hiki, Vuai lete kile, Vuai hicho ulicholeta sicho. Siku moja akamtuma nchi ya Kimemeta akanunue hariri ya samawati, kwa kuwa hakuna wanaojua kutia nyuzi rangi hiyo kama wao. Vuai akaenda. Zikapita mvua za vuli, zikapita za masika, hakuna nyuzi wala aliyetumwa nyuzi. Kisha wasafiri wakaja na habari kwamba Vuai amekuwa waziri.

"Waziri?" Mize akauliza. "Vuai huyu anayeuziwa vitunguu vibovu akasema ahsante?"

Akafunga kapu lake la kofia, akaenda kujionea.

Kimemeta ni nchi ya tambarare, na jua lake ni dogo, limechoka, kama limau lililobaki kikapuni. Mchana wao ni sawa na magharibi yetu. Hewa yake ni nzito, na ndani ya hewa hiyo, bila mlio wala onyo, humulika mmweko wa samawati, ukaja na kupotea kabla hujamaliza kusema "hee". Hata kwetu mwanga huo upo, wanasema wenye kuyajua ya angani, ila kwetu ni hafifu na wa haraka mno, jicho haliuwahi. Kule unaonekana na kila mtu. Mahali pengine watu wangeutazama, wakasema Subhanallah, wakaendelea kumenya muhogo. Watu wa Kimemeta waliutungia katiba.

Katiba yenyewe ni fupi. Mtu ambaye mwanga umesimama juu ya utosi wake ni Mteule, na Mteule hupewa wizara. Kwa kuwa mwanga umemkuta pale, pale ndipo mahali pake, asiondoke. Akiondoka, mwanga wa nchi nzima utazimika. Basi kwa hofu ya kupitwa, watu wa Kimemeta hunyoa utosi ukabaki unang'aa, hulala kwenye nyumba zisizo na paa, na hawafuniki kichwa kwa chochote. Wanawake hubeba mitungi ya maji kwa kuikumbatia tumboni, wanamwaga nusu njiani, na serikali ina Idara nzima ya Njia Zenye Utelezi.

Mize aliingia mjini na kapu lake kichwani.

"Shusha!" akapiga kelele bwana mmoja mwembamba, aliyening'iniza timazi la waashi kidoleni. "Shusha hilo kapu, bibi!"

"Nilishushe kwani limekukaa wewe?"

"Umefunika utosi! Mwanga ukija sasa hivi utakupataje?"

"Kwani huo mwanga una haja gani nami?"

Bwana yule alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Hakuna anayejua," akasema. "Ndiyo maana tunaacha wazi."

Jina lake Timamu, na cheo chake Mpima Utosi wa Serikali. Kazi yake ilikuwa kukimbilia kila penye mmweko na kulishusha timazi kutoka mbinguni, kwa makadirio, mpaka kichwa cha Mteule. Alikuwa tayari kumpeleka Mize kifungoni, lakini alipochungulia kapuni akanywea. Wateule ndio pekee wanaoruhusiwa kufunika kichwa, maana wameshapata, na kupata mara mbili ni uchoyo. Tena kwa kukosa fundi walikuwa wakivaa vibuyu vilivyokatwa nusu. Timamu akaigeuzageuza kofia moja ya viua, akaitazama kwenye mwanga, akameza mate. Sheria ikapinda kidogo, kama zinavyopinda sheria zote akipita mtu anayetakiwa na wakubwa, na Mize akawa Mshona Kofia wa Serikali kabla hajanywa hata maji.

"Mimi nina mtu wangu hapa," akasema. "Vuai."

Timamu akainama mpaka timazi likagusa chini. "Mheshimiwa Waziri wa Upepo!"

Vuai alikuwa sokoni, kati ya wauza vitunguu na mahali pa kufungia punda, amesimama ndani ya duara la mawe meupe. Kibuyu kichwani. Watu waliopita walimwamkia, na yeye aliitikia kwa kuinua mkono kidogo tu, kama mtu aliyejifunza. Kila asubuhi alilowesha kidole kwa mate, akakiinua, akatangaza upepo unatoka wapi, na soko zima likasema, "Sawa, Mheshimiwa."

"Mize weye," akasema alipomwona. "Umenifuata?"

"Nimefuata nyuzi."

"Nyuzi nilinunua. Hizi hapa." Alikuwa amezikalia, maana hakuna kiti katika katiba. "Nilikuwa narudi, mke wangu. Nimezilipia, nageuka, mwanga huo, juu yangu hasa. Nikasema, 'Wangu!' Sijui hata sauti ile niliitoa wapi."

Mize akamtazama. Furaha ya kumwona ilimjaa, na kwa kuwa hakutaka ionekane, akaanza kumvua kile kibuyu na kumfuta jasho kwa nguvu. Akaona jambo ambalo hakulipenda: Vuai alikuwa amenenepa shingo. Kidevu kilikuwa juu. Alikuwa amependeza.

"Basi inatosha. Twende nyumbani."

"Sitaki," akasema Vuai. Kisha akaongeza haraka, "Yaani, sheria hairuhusu."

Mize aliyasikia maneno yote mawili, na hakusahau lipi lilitangulia.

Akamgeukia Timamu akataka kujua Mteule hutolewaje. Timamu akaeleza kwa utaratibu mzuri. Mteule hatolewi, ila Baraza la Utosi likithibitisha kwamba mwanga ule ulikuwa wa mtu mwingine. Na huyo mwingine ni lazima asimame aseme, "Ulikuwa wangu." Na anayesema hivyo juu ya mwanga uliokwisha kupata mwenyewe ametenda kosa la husuda, na hufungwa kabla hajamaliza sentensi.

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kushinda."

"Hakuna aliyewahi kumaliza sentensi," akasema Timamu.

Mize akachukua uzi wake wa kupimia, akaanza kazi, maana mwanamke mwenye hasira asiyekuwa na kazi huharibu. Serikali ya Kimemeta haikai mahali pamoja. Imetapakaa nchini kama kuku walioachiwa. Waziri wa Barabara amesimama katikati ya barabara, nayo ni moja tu, kwa hiyo imefungwa, na mikokoteni hupita shambani. Waziri wa Elimu yumo ndani ya shimo la choo alilokuwa akilichimba siku yake ilipofika, na wanafunzi humpelekea madaftari kwa kamba. Waziri wa Maji alipatwa pembeni mwa soko, akiwa juu ya ngazi, anapaka chokaa ukuta wa jirani. Jirani amekufa, ukuta umeanguka, ngazi imebaki haina pa kuegemea, na kuna wanaume wanaoishikilia kwa zamu. Ndio wanaolalamikia ukosefu wa maji kuliko wote, kwa kuwa wapo karibu na wizara.

Mahali pote alipokwenda alikuta watu wanabishana. Kulikuwa na Washushi, waliosema mwanga hushuka kutoka juu kumtafuta mtu mkubwa. Na kulikuwa na Wapandishi, waliosema la hasha, mtu mkubwa ndiye anayeutoa utosini mwake, ukapanda. Walikuwa na timu mbili za mpira na hawakuoana. Mize akauliza, kwa udadisi tu, kama yupo anayesema kwamba mwanga huo haumtafuti mtu yeyote wala hautoki kwa mtu yeyote. Watu wakatazamana viatu. Timamu akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yupo mmoja, na yumo ndani ya nyumba yenye paa.

Alipokuwa juu ya ngazi anapima kichwa cha Waziri wa Maji, ndipo Mize alipouona mwenyewe. Aliinua uso ahesabu vidole vya uzi, na mbingu ikafunguka samawati juu yake. Juu yake hasa. Si kidogo kulia, si kidogo kushoto. Mize, ambaye hakuwa na habari na uteule wa mtu, alijikuta amefungua mdomo, na laiti asingekuwa amebana sindano kwa meno angepiga ukelele.

"Wangu!" akalia muuza vikombe aliyekuwa chini.

Mawe meupe yakaletwa mbio. Timamu akashusha timazi, akakuta ni sawasawa, kama alivyokuta siku zote. Muuza vikombe akavishwa kibuyu, akawa Waziri wa Vikombe, na watu wakampongeza kwa mikono miwili. Lakini Mize alikuwa juu, na aliye juu huona nyuso. Nyuso zilikuwa za watu walioibiwa.

"Bibi," akanong'ona Waziri wa Maji alipoinamishiwa uzi sikioni. "Iwe siri. Ule ulikuwa wangu. Wa pili. Sikusema, watu wataniona mlafi."

"Siri yako," akasema mshika ngazi, Mize aliposhuka. "Ulikuwa wangu mimi. Nilichelewa kutoa sauti, nilikuwa nimeshika ngazi."

Tangu hapo hakukuwa na amani. Mpima vichwa hukaribia masikio, na aliye karibu na sikio husikia mengi. Mama wa uji, mchunga punda, wazee wawili wacheza bao, kila mmoja alimshika mkono akamwambia lilelile: kuna siku mwanga ulikuwa wake, na kuna mwenye mdomo mwepesi aliyeuchukua, na yeye amenyamaza kwa heshima. Nchi nzima ilikuwa imebeba kinyongo kimoja, na kila mtu alidhani kinyongo hicho amepewa yeye peke yake. Mize alicheka mpaka akajichoma sindano. Kisha akamkumbuka Vuai, akaacha kucheka.

Mvua ilipoanza kunyesha, watu wakakaa majumbani mwao wakilowa kwa uvumilivu. Mize hakuzoea. Akaona nyumba moja tu yenye paa, paa zuri la makuti, akabisha hodi. Lilikuwa gereza. Askari akamwambia aingie, ila ajue kwamba humo ndani hataonekana na mwanga.

"Nitajikaza," akasema Mize.

Ndani alikuwamo mwanamke mmoja mkavu, mzima, anakunywa kahawa. Jina lake Sikujua, na zamani alikuwa hakimu.

"Karibu," akasema. "Kaa huku, pale panavuja kidogo. Nimewaandikia mara nyingi waje watie makuti, wanasema mfungwa hana haraka."

"Ulifanya nini, bibi?"

"Niliwauliza walioshindwa," akasema Sikujua. "Mahakimu wote humwuliza aliyepata. Mimi nilikwenda kwa waliokuwa jirani yake, mmoja mmoja, kwa siri. Kila mmoja aliniambia umesimama juu yake. Mwanzo nilidhani nchi ina waongo. Baadaye nikaona haiwezekani, watu hawawezi kuelewana vizuri namna hiyo katika uongo."

Akamwagia Mize kahawa, akaeleza. Kuna nyota hupasuka, mbali mno, na nyingine zilipasuka kabla bibi yake bibi yako hajazaliwa. Zikipasuka hurusha punje, ndogo hata kuziita vumbi ni kuzisifu. Punje hiyo husafiri peke yake gizani, miaka kwa miaka, haina pa kwenda, mpaka siku moja inagonga hewa yetu huko juu. Hapo inavunjika. Vipande vyake vinagonga hewa, vinavunjika, na vipande vya vipande hivyo vinagonga tena, mpaka ni mvua nzima inayoshuka. Inashuka kwa kasi kuliko mwanga wenyewe unavyoweza kwenda ndani ya hewa. Na hewa ikipitwa kwa kasi hiyo hutoa mwako wa samawati.

"Basi?" akauliza Mize.

"Basi. Hauna habari na mtu. Na ukifika chini hauangukii kichwa kimoja. Mwaga beseni la maji uani uone. Unatapakaa. Soko zima linaloa mwanga, na kila aliyeloa akitazama juu anauona umesimama juu yake."

Mize akapuliza kahawa yake. "Na hiyo punje yenyewe?"

"Haifiki. Imetoka kote huko, ikaishia juu ya vichwa vyetu." Sikujua akatazama paa. "Hilo huwa linanihuzunisha, sijui kwa nini."

"Kwa nini hukuwaambia Barazani?"

"Niliwaambia. Nikamleta shahidi mmoja, akaogopa. Shahidi wa pili akaogopa kwa kuwa wa kwanza ameogopa. Hapa mtu husema kweli akiwa na hakika kwamba jirani yake hamwoni."

Mize akaweka kikombe chini. Mvua ilipokatika alikuwa ameshatoka.

Hakimu Mkuu wa Kimemeta, Bwana Shungi, alipatwa na mwanga akiwa juu ya punda. Mahali pake basi ni punda, na punda huenda anakotaka. Baraza la Utosi hukaa pale punda atakaposimama, na kuna kesi zilizoanza mlimani zikaishia mtoni. Wenye kesi na wakubwa hupata taabu sana. Mize hakupata taabu. Alikwenda na bua bichi la mahindi, akampitishia punda puani, akaongoza mahakama kuu ya nchi mpaka sokoni, mbele ya mumewe, bua akaliacha chini.

"Mize, unafanya nini?" Vuai akanong'ona.

"Nashtaki."

Watu wakajaa. Timamu akagonga timazi kwenye jiwe kuomba kimya. Bwana Shungi, mzee mwenye usingizi na kibuyu kikubwa, akauliza mwanamke huyu anadai mwanga wa nani, ili amfunge mapema.

"Sidai mwanga, Mheshimiwa," akasema Mize. "Nadai mume. Na sikuja na ushahidi wangu. Naomba ushahidi wa soko. Waliokuwapo hapa siku ya Waziri wa Upepo, waoneshe tu mwanga ulisimama wapi. Nataka kuthibitisha kwamba nimeolewa na mteule kweli, nikawaringie wenzangu."

Hilo liliwapendeza. Sheria ya Kimemeta inataka shahidi afumbe macho, asikonyezwe na mtu, kisha aoneshe kwa kidole. Siku zote walionesha mmoja baada ya mwingine, na wa pili hufuata wa kwanza.

"Kwa kuokoa muda," akasema Mize, "wafumbe wote pamoja."

Bwana Shungi akafikiri kama kuna kifungu kinachokataza. Hakikuwapo. Hakuna aliyewahi kufikiri kuokoa muda.

"Nawe ulikuwapo, Mheshimiwa?"

"Punda alikuwapo. Nami nilikuwapo juu yake."

"Basi na wewe, kwa heshima ya Baraza."

Soko likafumba macho. Mama wa uji, mchunga punda, wauza vitunguu, wazee wa bao, Timamu na timazi lake. Kila mtu gizani mwake peke yake, hana jirani, hana husuda, ana kidole chake tu na ile siku anayoikumbuka. Vidole vikainuka. Mama wa uji alikuwa akilia.

"Msivishushe," akasema Mize. "Sasa fumbueni."

Wakafumbua. Kila mtu alikuwa amenyoosha kidole juu ya utosi wake mwenyewe. Soko zima, kama shamba la mabua. Waliovaa aproni, waliobeba watoto, watoto wenyewe. Na juu ya punda, mzee mzima, Hakimu Mkuu wa nchi, kidole kimegusa kibuyu.

Muuza vitunguu, jimama, ndiye aliyeanza kucheka tumboni, kicheko kikapanda mabegani, kikamtoka. "Na wewe?" akamwuliza jirani yake. "Na mimi! Na wewe?" "Miaka yote hii!" "Mimi nilikuwa sikusalimii kwa ajili hiyo!" Wazee wa bao walikumbatiana. Mshushi mmoja akamwangukia Mpandishi begani.

Kisha mtu mmoja akasema, "Ngoja. Kama ulikuwa wa kila mtu, sisi sote ni Wateule." Wakaganda. Maana Mteule haondoki alipo. Soko zima likasimama wima, mguu mmoja haujatua. Uji ukachemka ukamwagika. Mbuzi akaingia kwenye vitunguu akala kwa nafasi, na mwenyewe anamtazama, hawezi kusogea, anamlaani. Timamu alikuwa karibu kulia. Alimpima aliye kulia kwake, akakuta sawasawa. Akampima aliye kushoto, akakuta sawasawa. Kisha akajigeukia, akajipima mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akatabasamu.

Aliyewaokoa ni punda, ambaye kwa hesabu hiyo naye alikuwa Mteule kama wao. Alimaliza bua lake, akanusa jingine upande wa pili wa soko, akaondoka zake taratibu na Hakimu Mkuu mgongoni, akapita mawe meupe ya Waziri wa Vikombe akayapiga teke. Watu wakatazama juu. Wakangoja nchi izimike. Baada ya muda mmweko ukapita, mzuri, wa samawati, juu ya kila mtu. Hakuna aliyesema "Wangu". Mtoto mmoja akasema "Hee", na hapo kicheko kikarudi, na soko likaachia.

Walifanya fujo ambayo Mize hataisahau. Waziri wa Maji aliteremshwa kwenye ngazi, na walioishikilia wakalala chini pale pale. Waziri wa Elimu alivutwa shimoni kwa ile kamba ya madaftari, akaomba sabuni. Barabara ilifunguka, na Waziri wake akawa wa kwanza kuipita, anakimbia. Walikwenda kumfungulia Sikujua, naye akatoka, akatazama mbingu wazi, akasema sawa, ila makuti ya pale panapovuja yatiwe kwanza. Kila mtu alitaka kofia ya Mize, na kwa kuwa sasa hakuna wa kumkataza mwingine, kapu lilibaki tupu.

Mize akageuka kumtafuta mumewe ili wacheke pamoja. Vuai alikuwa palepale, ndani ya duara. Kidole ameshakishusha. Hakucheka.

"Umesikia, mume wangu? Sheria imekwisha. Toka."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Umenivunjia, Mize."

Alisema kwa upole, kama anavyosema kila kitu, na hilo ndilo lililomuuma. Mize alikuwa na maneno tayari mdomoni, ya kwamba waziri wa upepo ni mtu wa kulamba kidole, ya kwamba nyuzi zimepauka kwa kukaliwa. Yote yakampotea.

"Amekueleza yule bibi wa gerezani?" akauliza Vuai. "Kwamba mwanga unatoka kwenye nyota?"

"Unatoka kwenye nyota. Haumtafuti mtu."

"Hata kama haunitafuti. Umetoka mbali kote huko, ukapita kila kitu, ukaishia juu yangu. Sikuwa peke yangu, sawa. Nilikuwapo. Miye maisha yangu yote, Mize, hakuna kitu kilichotoka mbali kikaja nilipo."

Soko lilikuwa likipiga kelele nyuma yao. Mize alisimama nje ya mawe. Alikuwa mwembamba kuliko alipoondoka nyumbani, ndala moja imefungwa kwa kamba, buibui limepauka ncha kwa vumbi la njia ambazo hawezi kuzieleza. Sauti yake, iliyozoea kusikika nyumba ya pili na ya tatu, ilitoka ndogo.

"Na mimi nimetoka wapi, Vuai?"

Vuai akamtazama. Alianza usoni, akashuka mpaka miguuni, akaitazama ile ndala kwa muda mrefu.

Kisha akainua mguu juu ya mawe. Miguu ilikuwa imesahau kutembea, na Mize akamdaka kiunoni. Vuai akamwomba asimwachie. Mize akasema hamwachii.